Ukurasa Uliotembelewa kwa Miguu

Neno ambalo nimelitamka kuliko hata majina ya watoto wangu ni "actualise". Nalisema asubuhi, nalisema saa saba mabati yakiwa yamewaka jua, nalisema nikiwa nimegeukia ubao bila hata kutazama ni nani ameuliza. Mwanafunzi ameubadilisha ukurasa wake, ameuhifadhi, kisha anatazama kioo cha kompyuta na kuona maneno ya zamani yamekaa palepale. "Madame, machine yangu inakataa." Haikatai. Alichokiandika kimo ndani ya faili, ila kinachoonekana ni kile ambacho navigateur, ile programu ya kufungulia kurasa, ilikisoma mara ya mwisho. Haitasoma tena mpaka iambiwe. Bonyeza kile kimshale kinachojizungusha. Actualise. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakufundisha informatique, masomo ya kompyuta, hapa mjini Baraka.

Chumba chetu kiko nyuma ya kanisa, karibu na njia ya sokoni. Kompyuta zililetwa na watu wa mradi mmoja. Mradi ukaisha, wao wakaondoka, sisi tukabaki na mashine na vumbi lake. Juu ya paa kuna plaque ya kuvuta umeme wa jua, chini ya meza yangu kuna betri, na kati ya hivyo viwili kuna mimi, ninayeombwa courant, yaani umeme, kama vile nimeificha mfukoni. Mvua ikija, somo linarudi ubaoni. Nimeandika kurasa nzima za mtandao kwa chaki, na wanafunzi wakazisoma kwa sauti kama katekisimu, huku kwaya ikifanya mazoezi upande wa pili wa ukuta na kukwama kila siku kwenye ubeti uleule.

Somo la kwanza ni la balise, zile alama zinazoiambia kompyuta kwamba hapa ni kichwa cha habari, hapa ni aya, hapa ni picha. Karibu zote huja mbili mbili, ya kufungua na ya kufunga, kama sufuria na kifuniko chake. Ukisahau kufunga, ukurasa wote unaweza kugeuka kichwa cha habari, maneno makubwa yakamiminika mpaka chini. Hilo wanalielewa upesi, kwa sababu wanaliona na wanacheka.

Linalowashinda ni serveur. Nilichoka kulieleza, nikaamua kuwatumia wao wenyewe. Mmoja anasimama mlangoni na kuomba: "Nipe ukurasa wa bei ya samaki." Mwingine amekaa kona na rundo la karatasi, anautafuta na kumpelekea. Wa mlangoni ni navigateur, wa kona ni serveur. Serveur ni kompyuta kama hizi, nawaambia, ila imeunganishwa na dunia na haizimwi, inakaa mahali fulani ikingoja kuombwa. Zetu zilikuwa zinazimika wingu likipita. Ukurasa ulioandikwa humu ulibaki humu, na aliyetaka kuuona ilimbidi akae kwenye kiti kilekile alichokalia aliyeuandika.

Mwaka mmoja, kati ya wanafunzi wangu, ambao wengi walikuwa vijana waliomaliza shule na kukosa la kufanya, aliingia mama mmoja muuza unga wa mihogo. Alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, mikono ikiwa bado myeupe mpaka kwenye viwiko. Hakuuliza kuhusu cheti kama wengine.

"Madame, banasema kitu ukiweka kule ndani, muntu wa mbali anaona. Njo kweli?"

"Njo kweli, mama."

"Bon. Andika jina yangu."

Alikuwa anamtafuta mdogo wake. Walikuwa wakiishi milimani, juu ya Fizi, na siku risasi zilipofika kijijini kwao kila mtu alikimbia na njia iliyokuwa mbele yake. Yeye alishuka na watoto kwa njia moja, mdogo wake akashuka na majirani kwa nyingine. Baadaye akasikia kwamba msichana alionekana ziwani akipanda mtumbwi wa kwenda Ubwari. Simu yake haikuita tena. Ubwari si mbali, siku ya hewa safi milima yake unaiona ukiwa sokoni, lakini rasi ile ni ndefu na vijiji vyake vinafikiwa kwa maji. Alikwenda mara moja tu, akatembea vijiji vya upande huu, akarudi kwa sababu watoto aliowaachia jirani walikuwa hawajala vizuri. Alituma maneno kwa wavuvi, akatuma kwa wahubiri. Hakuna jibu lililorudi. Hakulala vizuri tangu siku ile, aliniambia, na nilimwamini, maana alikuwa anasinzia darasani kwangu.

Aliandika kwa kidole kimoja. Msichana mmoja, mtoto wa wakimbizi wa Burundi, aliketi karibu naye na kumwonyesha zilipo zile alama mbili zenye ncha ambazo balise huanza na kuishia nazo, na baada ya siku kadhaa ungezitambua wewe mwenyewe, kwa sababu ndivyo vitufe vilivyokuwa na unga. Kichwa cha ukurasa wake kilikuwa neno moja: TUNAMUTAFUTA. Chini yake aliandika jina la mdogo wake, jina la baba yao na la babu yao, kijiji chao, na kwamba msichana ana mwanya na anapenda kucheka. Vijana walimwambia aandike kile Kiswahili cha shuleni. Niliwaambia wamwache, anayetafutwa anaijua sauti ya dada yake.

Picha ndiyo iliyotutesa. Alikuwa nayo katika simu, ya arusi moja, msichana akiwa na kitenge cha kijani. Tuliihamishia kwenye kompyuta, lakini yeye alikuwa akikosea jina la faili, na kila alipofungua ukurasa alipata kijisanduku kitupu. Nilimwambia asahihishe. Akasahihisha, akahifadhi, akatazama. Bado kitupu. "Madame, inakataa." Nikasema neno langu bila kugeuka. Akabonyeza kimshale. Nilisikia kiti kikisukumwa nyuma, nikageuka. Mdogo wake alikuwa amejaa kwenye kioo, anacheka, na mama yule alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Ooo, mudogo," akasema taratibu, kama mtu aliyekutana naye njiani.

Siku hiyo nilifurahi. Naliandika hilo kwa sababu siku za namna hiyo katika kazi hii si nyingi.

Kuupeleka ukurasa kwenye serveur ya kweli kulikuwa bado. Réseau yetu, yaani mtandao wa simu, ilikuwa inakuja na kuondoka, na nilipanga kuutia kwenye clé, kile kijiti cha kubebea faili, nimpe mtu wa kwenda Uvira, kwa rafiki niliyesoma naye, aupandishe kutoka kule. Nikamwambia mama asubiri. Kisha malaria ikanishika, nikalala nyumbani, na somo likabaki mikononi mwa wanafunzi.

Nilikuwa bado kitandani niliposikia redio ya jirani. Ilikuwa saa ya communiqué, na hapa kwetu saa hiyo watu huacha hata kupepeta mchele. Hutangazwa misiba, mbuzi waliopotea, mikutano ya kanisa, na kila tangazo huishia kwa kusema mwenye habari afike wapi. Mtangazaji akasoma kwamba anatafutwa msichana fulani, mwenye mwanya, na kwamba picha yake inaonekana kwenye internet, kwa adresse ifuatayo. Akaanza kuisoma, taratibu, kwa heshima, kama anasoma Injili, kila nukta na kila mkwaju kwa Kifaransa: file, deux points, barre, barre, barre, C, deux points, barre, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Akairudia mara ya pili kwa wale ambao hawakupata kalamu. Mwenye habari, akamalizia, afike ku salle ya informatique, nyuma ya kanisa.

Nilicheka mpaka kichwa kikapasuka kwa maumivu. Kisha nikakasirika. Adresse ile haikuwa ya mtandao hata kidogo. Ilikuwa njia ya ndani ya mashine yetu moja, ile ya dirishani, ya kukuonyesha faili imekaa katika kabrasha gani. Ni sawa na kumwambia mtu wa Mboko kwamba chumvi iko kwenye rafu ya pili jikoni kwangu. Nililala nikifikiria watu wenye simu wakiandika ile mistari yote na kupata kwamba hakuna kitu, kisha wakisema kwamba Madame wa informatique ni mwongo.

Nilipopata nguvu za kutembea nilikwenda moja kwa moja kumgombeza yule mama. Sikuweza kuingia. Mlangoni palikuwa na watu, wengine wameketi chini kwenye kivuli cha ukuta, wengine wana vumbi la barabara mpaka kwenye kope.

"Tuliandika yote, Madame," mwanaume mmoja kutoka Nundu akaniambia, akinionyesha simu yake. "Iko inasema fichier, ile faili, haionekane. Tukaona heri tukuye tuone apa apa."

Ndani, mama wa unga alikuwa amekaa kwenye mashine ya dirishani. Mtu akiingia alimsalimu, akamuuliza ametoka wapi, akampa kiti, akamfungulia ukurasa. Mtu akitoka, aliufunga, akangoja mwingine. Nikamvuta pembeni.

"Mama, ulipeleka ku radio adresse gani?"

"Ile ya pale juu. Si we ulisema adresse ya ukurasa inakaa pale juu?"

"Nilisema. Lakini ile ni ya ndani ya machine hii tu. Muntu wa kule hawezi kuona kitu."

"Lakini banakuya."

"Banakuya na miguu, mama."

"Sasa miguu iko na mubaya gani?"

Nilikuwa na homa bado. Nikakaa chini pamoja na wale wengine.

Waliendelea kuja. Walikuja wa Mboko wakiwa wamekaa watatu juu ya pikipiki moja, walikuja wa sokoni ambao walitaka tu kuona, walikuja wakimbizi wa Burundi waliokuwa na watu wao wa kutafuta na waliodhani kwamba ndani ya kompyuta ile kuna watu wengi. Walimtazama msichana akicheka, wakatikisa kichwa, wakasema hatumujui, pole mama. Lakini hawakuondoka. Waliketi na kusimulia ya kwao: kaka, mtoto, mume aliyesema anakwenda kuuza mbuzi. Mama wa unga aliwasikiliza wote mpaka mwisho. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mwenyeji huyu hakupona. Masomo yalisimama, betri ilikuwa inaisha kabla ya saa nane, vijana walinung'unika, na mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka kwa habari za watu nisiowajua.

Jambo moja lilinichekesha, ingawa kwa uchungu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikieleza serveur, na hakuna aliyeielewa kama huyu mama, ambaye hata hakujua kwamba ameielewa. Watu waliomba mlangoni, yeye aliwaletea. Hakuchoka, wala hakuzimika. Nilimwonea wivu kidogo.

Alipopatikana mtu wa kwenda Uvira, nilimwambia kwamba sasa tunaweza kuutuma ukurasa.

"Itaonekana mpaka wapi?"

"Kila mahali. Uvira, Bukavu, mpaka Ulaya."

"Na Ubwari?"

"Ubwari réseau iko kidogo sana, mama. Vijiji mingi haina."

"Lakini radio banasikia."

"Radio banasikia."

"Tuma tu, Madame," akasema. "Lakini mi nitabakia apa. Muntu wa Ubwari akikuya, asikute kiti bule, bila muntu."

Mtu wa Ubwari alikuja siku ya mawingu. Darasa lilikuwa ubaoni, mashine ya dirishani peke yake ndiyo iliyokuwa inawaka, maana nilikuwa nimejifunza kuibakishia courant. Alikuwa mama wa makamo, kitenge chake kimelowa maji ya ziwa mpaka magotini, na ameshika mfuko wa ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu. Alisalimu kila mtu. Alisema alisikia redio zamani kidogo, lakini alikuwa akingoja mtumbwi wenye nafasi na ziwa lenye utulivu. Mama wa unga akampa kiti, akamfungulia.

Mgeni alitazama. Hakutikisa kichwa kama wengine. Aliinama karibu na kioo, akanyoosha kidole mpaka kikafika kwenye kitenge cha kijani.

"Hii kitenge iko kwangu," akasema.

Alisema mwenyewe, polepole, akimtazama mama wa unga, kwa sababu bila shaka aliona wanavyofanana. Msichana alishuka kwenye mtumbwi akiwa tayari mgonjwa. Hakuwa na mtu, mgeni huyu akamchukua nyumbani kwake. Ilikuwa kolera. Walimpa maji, wakamtafutia nganga wa dispensaire, yaani zahanati, naye akaja, lakini alikuwa amechelewa.

"Hakukaa siku mingi. Alisema iko na yaya yake, dada mukubwa, anauza bunga, lakini hakusema wapi, sauti ilikuwa imekwisha. Tulimuzika juu ya kijiji, pembeni ya mihogo yangu." Akaona kwamba hayo hayatoshi. "Tulimulilia, mama. Tulikaa kilio yote, na bamama ba kijiji balikuya balala chini. Hatukumuzika kama mutu hana batu."

"Aksanti, mama," akasema mama wa unga. "Aksanti sana."

Niliwatoa wanafunzi nje. Upande wa pili wa ukuta kwaya iliendelea na ubeti wake. Nilikuwa nikisubiri alie. Badala yake alijisogeza kwenye meza, akaifungua ile faili ambamo maneno ya ukurasa huandikwa, na kidole chake kikaanza kutafuta herufi. Alifuta neno la juu. Ilimchukua muda, kwa sababu alilifuta herufi moja baada ya nyingine kutoka nyuma, na hakugusa balise zake, kama nilivyowafundisha. Katikati yake akaandika: TUMEMUPATA. Kisha, baada ya kufikiri, akaongeza: IKO UBWARI. Akakagua kwamba palipofunguliwa pamefungwa. Akahifadhi.

Halafu akaurudia ukurasa. Msichana alikuwa palepale, anacheka na mwanya wake, na juu ya kichwa chake, kwa herufi kubwa, paliandikwa TUNAMUTAFUTA.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka, kwenye kile kimshale kinachojizungusha. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Yeye akanishika kiganja, mkono wake ukiwa mkavu wa unga.

"Najua, Madame," akasema. "Najua ya kufanya. Acha kwanza."

Nikaacha. Nikavuta kiti nikakaa upande wake mmoja, na mama wa Ubwari alikuwa upande wa pili, mfuko wa ndagala magotini. Nje mvua ilianza, kwanza juu ya mabati ya kanisa kisha juu ya yetu, na chini ya meza betri ikaanza kulia kile kilio chake chembamba cha kusema imebaki kidogo. Kwa kawaida nikisikia hivyo nazima haraka, maana kuzimika ghafla huiharibu mashine. Siku hiyo sikuzima. Tulitazama mpaka kioo kikawa cheusi, tukabaki tunajiona sisi watatu ndani yake.

"Imeisha?" akauliza mama wa Ubwari.

"Hapana, mama," akasema mama wa unga. "Ni courant tu."